Feza ya parseli ya Uvira na majengo ya Nairobi: gawio linatoka wapi?

Tangu watu wengi wa Uvira na wa uwanda wa Ruzizi watawanyike, maswali yanayofika kwenye simu ya redio yamebadilika. Zamani watu waliuliza bei ya muhogo sokoni, au kama barabara ya Bukavu inapitika. Siku hizi mengi yanatoka ng'ambo: Bujumbura, Kigoma, Nyarugusu, Nairobi, hata Marekani. Moja limenifikia mara tatu, kwa sauti tatu tofauti. Nalijibu hapa kwa sababu jibu lake halienei katika dakika nne za hewani.

Msikilizaji mmoja aliye Nairobi, mzaliwa wa mtaa wa Kakombe, amepata mnunuzi wa parseli ya marehemu baba yao. Warithi ni watano. Wawili wanataka kununua kiwanja kingine, mmoja anataka kugawana feza kila mtu ashike njia yake, na yeye amepewa shauri na rafiki: "Papa, usirudie kiwanja. Maji yatakibeba au vita vitakikuta. Nunua vipande vya mfuko wa majengo ya biashara. Kila mwaka utakula gawio, na hakuna mpangaji wa kugombana naye." Ananiuliza kama ni kweli.

Mimi si mtu wa benki. Lakini shauri hilo lina nusu ya ukweli, na nusu hiyo ndiyo inayowashika watu wetu. Nani hapa amesahau usiku wa kuamkia tarehe 17 Aprili 2020, Mulongwe ilipofurika, ikabeba watu na kubomoa nyumba kwa maelfu? Mwaka 2024 ziwa lenyewe lilipanda mpaka likaingia ndani ya nyumba za watu, na huko bandarini Kalundu kazi ikawa ni kukanyaga maji. Mtu aliyeona hayo akiambiwa kwamba kuna jengo la ghorofa Nairobi linaloweza kumlisha bila yeye kuliona, atasikiliza. Nami ningesikiliza.

Kazi ya mifuko hiyo si ngumu kuelewa. Chukua MUSO yenu ya mtaani. Badala ya kukopeshana, wanachama elfu kumi wanaweka feza pamoja, wananunua jengo lenye maduka na ofisi, wanamwajiri meneja. Kodi ya wapangaji, gharama zikishatolewa, inagawanywa kulingana na vipande vya kila mmoja. Kenya iliandika kanuni zake mwaka 2013, na kule wanaiita riti. Mfuko wa kukusanya kodi unatakiwa kugawa angalau asilimia 80 ya mapato halisi ya mwaka. Kwetu Congo hakuna soko la hisa, kwa hiyo Mkongomani anayetaka kitu hiki anakitafuta Nairobi, au anafungua programu ya simu akiwa Marekani.

Hiyo asilimia 80 ndiyo wauzaji wanaipenda kuitaja. Wanasema: sheria inawalazimisha wakulipe. Hapana. Sheria inawalazimisha kugawa sehemu ya kilichopatikana. Asilimia 80 ya sifuri ni sifuri. Tena kuna jambo ambalo halisemwi sana: anayegawa 80 anabaki na 20. Paa likivuja, lifti ikikufa, supamaketi ikihama na kuacha nafasi kubwa inayohitaji kutengenezwa upya, akiba iliyobaki ni ndogo. Hapo meneja ana njia tatu: auze vipande vipya, auze jengo, au akope.

Mfano wa karibu ni Fahari, mfuko wa kwanza wa aina hiyo kuingia katika soko la hisa la Nairobi. Ilikuwa Novemba 2015, kipande kimoja shilingi 20 za Kenya. Walikuwa wanatafuta shilingi bilioni 12.5, wakapata kama bilioni 3.6. Jengo lao kubwa lilikuwa Greenspan Mall, mtaa wa Donholm, ambako hata Wakongomani wa Kayole wanakwenda kununua vitu. Mpangaji mkubwa mle ndani alikuwa supamaketi ya Tuskys. Kenya ilikuwa imeshaona Nakumatt ikianguka mwaka 2017 na kuacha kumbi tupu katika miji mingi. Kisha Tuskys nayo ikaanza kulegea, na mwaka wa korona ukaimaliza. Baadaye Naivas iliingia pale Greenspan, lakini kati ya mpangaji kuondoka na mwingine kuingia kuna miezi ambayo hakuna anayelipa, na mwenye kipande anaikuta miezi hiyo ndani ya gawio lake.

Gawio la Fahari kwa mwaka 2019 lilikuwa senti 75 kwa kipande. Kwa mwaka 2021 lilikuwa senti 50. Aliyelipa shilingi 20 hapo mwanzo alikuwa anapata chini ya asilimia 4 katika mwaka mzuri. Lakini bei ya kipande sokoni nayo ilishuka mpaka karibu shilingi 6, na hapa ndipo ninapotaka msomaji asimame kidogo. Mfuko ulipolipa senti 65 kwa mwaka 2022, mtu aliyetazama bei ya 6 aliona gawio la karibu asilimia 11. Asilimia 11! Inapendeza kuliko benki. Lakini haikupanda kwa sababu wapangaji waliongezeka. Ilipanda kwa sababu watu walikuwa wamekimbia bei. Ukiona mahali gawio ni kubwa kuliko la majirani wote, uliza kwanza bei ya kipande ilikuwa ngapi miaka mitano iliyopita.

Mwisho wa 2023 wawekezaji wadogo walipewa nafasi ya kurudisha vipande vyao kwa shilingi 11, na Februari 2024 Fahari ikatoka kwenye soko kuu, ikahamia jukwaa la pembeni la wawekezaji wakubwa. Kwa mtu wa Uvira hesabu inazidi kuuma, kwa sababu sisi tunahesabu kwa dola. Shilingi 20 za 2015 zilikuwa kama senti 20 za dola. Shilingi 11 za mwisho wa 2023, wakati dola moja ilikuwa imepita shilingi 150, ni kama senti 7. Magawio ya miaka ile yalipunguza hasara, hayakuifuta.

Na hapo Fahari haikuwa imebeba madeni makubwa. Tuje sasa kwenye deni, maana ndilo linalouma zaidi, na wanaoniandikia hawalitaji kabisa.

Tuseme kuna jengo la dola milioni moja. Wenye vipande wametoa 500,000, benki imekopesha 500,000 kwa riba ya asilimia 8. Kodi safi ya mwaka ni 90,000. Benki inachukua riba yake 40,000 kwanza, wanabaki 50,000, yaani asilimia 10 kwa feza yao. Bila mkopo wangepata asilimia 9 tu, kwa hiyo mkopo umewasaidia na meneja anasifiwa. Sasa wapangaji wachache wanaondoka na kodi inashuka kwa theluthi moja, inakuwa 60,000. Benki haipunguzi hata senti. Inachukua 40,000 yake. Wenye vipande wanabaki na 20,000. Kodi imeshuka theluthi, gawio limeshuka zaidi ya nusu. Mkopo ukimalizika muda wake na ukapangwa upya kwa asilimia 12, riba inakuwa 60,000. Hapo gawio limekwisha, na jengo bado limejaa watu, taa zinawaka, mlinzi yuko mlangoni.

Kupanda kwa riba si hadithi. Benki Kuu ya Kenya ilikuwa na riba ya asilimia 7 mwanzoni mwa 2022. Februari 2024 ilifika 13. Marekani ilitoka karibu na sifuri ikapita 5 katika muda uleule. Mwezi huohuo wa Februari 2024 serikali ya Kenya iliuza dhamana za miundombinu kwa riba ya zaidi ya asilimia 18. Nani atabaki na kipande cha jengo kinacholipa 6 au 7 wakati serikali inalipa 18? Watu wanauza, bei inashuka, hata kama wapangaji wote wamelipa.

Kuna pia masharti ya mkopo ambayo mwenye kipande hayaoni. Benki huandika kwamba deni lisipite sehemu fulani ya thamani ya jengo, tuseme asilimia 60. Jengo letu la milioni likithaminiwa upya kuwa 700,000, deni lilelile la 500,000 sasa ni asilimia 71. Hakuna aliyekosa kulipa riba, lakini sharti limevunjwa, na benki inaweza kuamuru gawio lisimame hadi deni lipungue. Uingereza ilishuhudia hilo kwa kampuni ya Intu, iliyokuwa mfuko wa majengo wenye vituo vikubwa vya maduka, na deni la zaidi ya pauni bilioni 4. Mwaka 2019 ilisimamisha gawio. Juni 2020 ikaingia mikononi mwa wasimamizi wa ufilisi. Kituo chake mashuhuri, Trafford Centre karibu na Manchester, kikachukuliwa na mfuko wa pensheni wa Kanada uliokuwa umekikopesha. Kituo bado kipo, watu wananunua viatu humo. Wenye hisa ndio hawapo.

Kenya imeweka kikomo: mfuko wa kukusanya kodi usikope zaidi ya asilimia 35 ya thamani ya mali zake, ule wa kujenga unaruhusiwa hadi 60. Ni kikomo cha busara. Lakini thamani ya mali inakadiriwa na mthamini, na mthamini naye ni binadamu anayelipwa.

Kwa hiyo nilimjibu yule papa wa Kakombe kwamba swali lake la kwanza lisiwe gawio ni asilimia ngapi. Aombe ripoti ya mwaka ya mfuko, asome kurasa za mikopo: deni ni kiasi gani, linaisha mwaka gani, riba yake inasimama au inapanda na soko. Aangalie mpangaji mmoja analeta sehemu gani ya kodi yote. Akikuta supamaketi moja inabeba theluthi, ajue amemwekeza mwenye supamaketi. Aangalie kama gawio linatoka katika kodi iliyokusanywa kweli au katika feza iliyokopwa na majengo yaliyouzwa. Na ahakikishe mfuko umo katika orodha ya Mamlaka ya Masoko ya Mitaji ya Kenya, kwa sababu kwenye vikundi vya WhatsApp vya wakimbizi nimeona matangazo ya "majengo" yanayolipa asilimia 10 kwa mwezi. Kwa mwezi! Hakuna jengo duniani lenye wapangaji wa namna hiyo.

Halafu kuna jambo ambalo haliko katika ripoti yoyote. Feza ya familia iliyokimbia si kama feza ya mfanyakazi wa Nairobi anayeweka akiba ya uzeeni. Februari 2025, Bukavu ilipochukuliwa, benki zilifunga milango na watu wenye akaunti walikuja hapa wakiomba chakula. Mtu wa namna hiyo anahitaji kitu anachoweza kukigeuza kuwa feza wiki hii. Kipande cha mfuko wenye wanunuzi wachache kinaweza kukaa sokoni siku nyingi bila mtu wa kukitaka, au kikauzwa kwa bei ya kutupa. Ni kweli parseli ya Uvira nayo haiuziki haraka, na anayeuza akiwa mbioni anapewa nusu ya bei. Lakini parseli haina benki iliyosimama mbele yake kwenye foleni.

Nilimwambia pia asiichukulie sehemu ya ndugu zake kama yake. Kama anataka vipande, anunue kwa sehemu yake, na si yote. Ada ya shule ya watoto wa dada yao aliye kambini Burundi itengwe kando, kwa dola, kabla ya mtu kufungua programu yoyote ya simu. Dada huyo ndiye aliyenitumia ujumbe mara ya tatu, na swali lake lilikuwa fupi kuliko la kaka: "Na kama hawatagawa, tutamshitaki nani?" Nimemjibu kwamba hakuna wa kumshitaki, mfuko usiopata kodi haudaiwi gawio, benki ndiyo inayodai.

Mara ya mwisho tulipozungumza, warithi walikuwa hawajakubaliana. Kaka mkubwa bado anataka kiwanja, safari hii juu mlimani, mbali na maji. Mnunuzi amelipa sehemu ya kwanza, na ya pili bado wanaingojea.