Moto Chini ya Gari

Wengi hudhani gari haliungui ila petroli imwagike. Sivyo. Joto la bomba la moshi peke yake latosha.

Mwaka 2010 kiwanda cha Ferrari, huko Italia, kiliyaita magari yote 1,248 ya namna ya 458 Italia yaliyokwisha kutengenezwa. Baadhi yalikuwa yameungua. Sababu ilikuwa gundi! Ndani ya madigadi, karibu na bomba la moshi, kinga ya joto ilishikizwa kwa gundi. Joto lilipozidi, gundi iliweza kushika moto. Mafundi wakaiondoa, wakatumia vifungo vya chuma.

Gari lile ni la matajiri, lakini joto halibagui. Hata pikapu kuukuu ikitoka safari, bomba lake laweza kuwasha majani makavu. Mimi mgeni akija nyumbani wakati wa kiangazi, humwonyesha penye udongo mtupu. Wengine hucheka. Na wacheke, watoto wangu hulala hatua chache tu kutoka hapo.

Nawe, ndugu msomaji, kabla ya kuzima injini, tazama: umesimama juu ya nini? Na ukisikia harufu ya kuungua, toka kwanza, mengine baadaye.