Baada ya "Mrudisheni Nyumbani"

"Mrudisheni nyumbani." Miaka ya tisini maneno hayo yalimkuta binti mmoja wa Kitale pale shangazi yake, mgonjwa wa saratani, alipotolewa wadi. Waliondoka na panadol. Usiku shangazi alilia kwa maumivu hadi majirani wakaja kukesha nao, na hakuna aliyewaambia kwamba maumivu yenyewe yana tiba.

Tiba ilikuwepo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wa dawa za maumivu ya saratani mwaka 1986, na Nairobi Hospice, kituo cha kuwatunza wagonjwa kama shangazi, ilianza 1990. Lakini Nairobi ni mbali, na wengi waliijua morfini, dawa ya maumivu makali, kama dawa ya kulevya tu.

Binti huyo akasomea udaktari. Mwaka 2005 Chuo Kikuu cha Moi kilianzisha shahada ya uzamili ya tiba ya familia, na hospitali ya Webuye, pale barabara ya Kitale inapokutana na ya Bungoma, ikawa mojawapo ya vituo vya mafunzo. Huko ndiko alikojifunza tiba shufaa, yaani tiba ya kumpunguzia mgonjwa mahututi mateso, kitandani kwa mgonjwa. Unamwomba aonyeshe maumivu kwa mkono: ngumi ni kwamba hayapo, vidole vitano ni kwamba hayavumiliki. Unga wa morfini huchanganywa na maji ukawa dawa ya kunywa, chungu kweli, na mama wa nyumbani anaweza kuipima kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Hunywewa kila baada ya saa nne. Ya kulalia huongezwa maradufu ili mgonjwa asiamshwe usiku. Na usisahau dawa ya kulainisha choo, maana morfini hufunga tumbo.

Kipimo hujifunzwa upesi. Kigumu ni mazungumzo, pale mwana anapomvuta daktari kando na kunong'ona, "Daktari, tafadhali usimwambie mama." Hapo, kwa maoni ya binti huyo, ndipo daktari wa familia anapohitajika hasa.

Mwaka 2014 Mkutano wa Afya Duniani ulizitaka nchi zote kuifundisha tiba shufaa na kuifikisha katika huduma za msingi. Uganda ilikuwa imetangulia: tangu 2004 wauguzi waliofunzwa huruhusiwa kuandika morfini. Binti huyo, sasa daktari, anataka wauguzi wa zahanati za Mlima Elgon wapewe mafunzo na ruhusa hiyo hiyo, kwa kuwa ndio wanaofika kwa mgonjwa kwa miguu, barabara zinapojaa matope.