Panya wa majani hakimbii vita

Leo ninaomba tuongee juu ya jirani ambaye hayuko kwenye orodha yoyote ya wakimbizi: panya wa majani.

Mimi nilikulia kwenye vilima vya Djugu, mahali ng'ombe wanachungwa na majani yanafika kiunoni. Tukiwa watoto tulijua njia za panya. Ukifungua majani kwa mkono, unaona kijia chembamba, safi, kinachotoka kwenye tundu mpaka palipo mbegu. Kuna wanaotembea humo mchana, wengine wana mistari mgongoni. Lakini yule panya wa shamba, mwenye rangi ya udongo, anatoka usiku. Huyo ndiye anayetumaliza. Mimba yake ni kama siku 23, na jike anaweza kuwa na chuchu mpaka 24. Mvua ikinyesha vizuri na mbegu zikiwa nyingi, anazaa tena na tena. Wengi hawamalizi mwaka, lakini wanaacha watoto wa kutosha. Mama aliyepanda mihindi leo, kesho asubuhi anakuta mbegu zimechimbuliwa mstari muzima.

Sasa tuangalie vita imefanya nini. Tangu mwisho wa mwaka 2017, watu wengi wa Djugu wameacha mashamba yao. Shamba lisilolimwa linageuka majani, na mavuno yasiyochukuliwa yanaanguka chini. Kwa panya, hiyo ni nyumba pamoja na chakula. Sisi tulikimbia, yeye akazaa. Majani yakikauka ao yakichomwa moto, anatafuta pengine: ghala, jikoni, hema.

Kwetu Ituri hilo si jambo la mihindi tu. Tauni, ugonjwa ambao wengi wanauita pesti, iko katika milima yetu tangu miaka ya 1920. Kongo ni moja kati ya nchi tatu ambako inaonekana zaidi, pamoja na Madagaska na Peru. Anayeitoa kwa panya na kuileta kwa mtu ni kiroboto. Panya akifa, mwili unapoa, na viroboto wanamwacha kutafuta damu nyingine. Ndiyo maana dawa ya viroboto inapigwa kwanza, kisha ndipo panya wanauawa. Ukigeuza mpango huo, unawafukuza viroboto waje kwako.

Basi ukikuta panya wamekufa wenyewe, usiwaguse kwa mkono, na watoto wasiwaokote kwenda kuchoma. Peleka habari kwenye kituo cha afya siku ileile. Mtu akishikwa na homa kali ya ghafla, pamoja na uvimbe unaouma kwenye kinena, kwapa ao shingo, asingoje kesho. Dawa ziko na zinaponya, kama zinaanza mapema. Mgonjwa akiwa anakohoa damu, ni hatari zaidi, kwa sababu hapo ugonjwa unapita kwa pumzi.

Tunaambiwa tulale juu ya kitanda. Maneno hayo ni mepesi kwa mwenye kitanda. Mimi nimeingia katika mahema ambamo watu saba wanalala chini, na gunia la unga liko karibu na kichwa cha mtoto. Pale tufanye kinachowezekana: gunia lipandishwe juu ya miti ao litundikwe, mabaki ya chakula yazikwe mbali, na majani yafyekwe kuzunguka kambi yote. Hema moja likifyeka peke yake, panya anahamia la jirani tu, kisha anarudi. Hiyo ni kazi ya wote, siku moja kwa juma.

Na siku amani itakaporudisha watu kwao, wasikimbilie kulala katika nyumba iliyofungwa miaka. Waulize kwanza kituo cha afya kama panya wameanza kufa huko. Kisha wafyeke, wafungue milango, wafagie, ndipo wapange mikeka.