Kuuliza Njia Katika Nchi ya Kubuni

Wazazi wengi hunitaka nitoe hukumu juu ya michezo ya video: ni mizuri au ni mibaya? Kwa mtu aliyesomea ualimu, swali hilo ni pana mno, kama kuuliza ikiwa vitabu ni vizuri. Nitasema juu ya aina moja tu, ile inayomweka mchezaji ndani ya nchi kubwa ya kubuni na kumwacha atembee apendavyo: apande milima, aingie mapangoni, azungumze na wenyeji, na polepole ajifanye mtu fulani katika nchi hiyo, awe mpiganaji, mganga au hata mwizi. Mpwa wangu wa sekondari hucheza, nami jioni nyingi hukaa kando yake nikitazama, umeme ukiwepo.

Vita vya panga havinivutii. Kinachonivuta ni namna mchezaji anavyojulishwa njia.

Kompyuta yetu ni ya zamani, kwa hiyo tulianza na Morrowind, mchezo wa kampuni ya Kimarekani Bethesda uliotoka mwaka 2002. Mchezaji ni mfungwa aliyeachiliwa, anashushwa kutoka merikebuni kwenye kisiwa cha Vvardenfell, na anatumwa kupeleka kifurushi katika mji wa Balmora. Hakuna mshale wa kumwongoza. Akitaka kufika mahali, humwuliza mtu, naye humjibu kama wazee wetu wanavyojibu: toka mjini kwa upande huu, vuka daraja, fuata bonde, ukiona jambo fulani ujue umepita. Maneno hayo huhifadhiwa katika daftari la safari. Yaliyobaki ni kazi ya mchezaji mwenyewe, kulinganisha maneno na ardhi iliyo mbele yake. Maelekezo mengine hata yana makosa, jambo ambalo kwangu linaufanya mchezo ufanane zaidi na dunia hii tunayoijua.

Mpwa wangu alimaliza jioni mbili akitafuta kisanduku kidogo katika magofu ya Arkngthand, ng'ambo ya daraja la kale lisilo mbali na Balmora. Alirudia kusoma daftari, akageuka nyuma, akaanza upya. Hadi leo anaweza kukuchorea njia ile mchangani kwa kijiti.

Baadaye alipata Oblivion, mchezo wa kampuni hiyo hiyo wa mwaka 2006. Humo kuna dira chini ya kioo, na juu yake alama inayoonyesha pa kwenda. Mchezaji anaweza pia kubonyeza jina la mji mkubwa kwenye ramani na kujikuta amefika. Siku moja, baada ya safari ndefu, nilimwuliza mto ulikuwa upande gani wa barabara. Hakujua. Sikumlaumu, kwa maana mchezo haukumdai atazame. Kila mwalimu anamfahamu mwanafunzi aliyenakili jibu sahihi kutoka ubaoni bila kuipitia hesabu. Najua mtu mwenye kazi na watoto huushukuru mshale kwa kumwokolea muda, na ana haki yake.

Wengine husema siri ya michezo hii ni ukubwa wa nchi. Mimi sikubali. Mwaka 1996 Bethesda ilitoa Daggerfall, wenye maelfu ya miji na mapango, sehemu kubwa ikiwa imepangwa na kompyuta yenyewe. Nchi yake ni pana hata hakuna anayeitembea kwa miguu. Watu husafiri kwa ramani, kwa sababu kati ya mji na mji hakuna kitu cha kuona. Vvardenfell ni kisiwa kidogo sana kuliko nchi hiyo, lakini ukungu huficha vilima vya mbali na mguu wa mgeni ni mzito, hivyo huonekana hakina mwisho.

Kwa rafiki yake mwenye mashine ya Nintendo tuliona Breath of the Wild, wa mwaka 2017. Ramani yake huanza tupu, na mchezaji huweka alama zake mwenyewe mahali palipomvuta macho. Wabunifu wake wameeleza kwamba walitumia vilima vyenye umbo la pembetatu, ili kila kilima kifiche kitu, na mtembeaji achague kukipanda au kukizunguka. Sisi watu wa Kivu hatukuhitaji kuelezwa hilo.

Ndipo mpwa wangu akaniuliza: « Mjomba, kwenu na mama mtu anafikaje? » Hajafika kamwe. Tangu azaliwe, barabara ile haijawa salama muda wa kutosha kumpeleka mtoto. Amevuka milima mingi ya kubuni, na mlima wa babu yake anausikia kwa jina tu. Nilimwelekeza kama marehemu baba alivyonielekeza mimi. Ukishuka sokoni, uache barabara kubwa kwenye mikaratusi, ufuate mto ukiwa mkono wako wa kushoto mpaka usikie maporomoko kabla hujayaona, kisha uulize nyumba ya mhunzi. Alichukua kalamu akaandika yote.

« Na mtoni, Mjomba, kuna daraja? »

Nilimjibu kwamba nilipopita mara ya mwisho lilikuwepo, la miti miwili. Akaandika na hilo, akaweka alama ya kuuliza pembeni.