UMELILIA MWISHO WA TAMTHILIA. MWISHO WAKO UMEUANDAAJE?



Ndugu zangu katika imani, wiki hii binti mmoja amenitumia ujumbe: "Sheikh, nimefuatilia tamthilia kwa miaka mingi, imeisha vibaya, na nina huzuni ya kweli. Je, imani yangu ina kasoro?" Hakuuliza kwa utani, nami sitamjibu kwa utani. Nitamjibu kwa kisa cha mwaka 2019.

Huenda wewe unayesoma ulikuwa mmoja wa waliofuatilia Game of Thrones. Mimi sikuitazama, na simshauri yeyote aitazame, kwa sababu ina uchi na mambo ya faragha ambayo macho ya Muislamu hayana ruhusa nayo. Hilo nimelitanguliza makusudi. Lakini habari yake naijua, kwa sababu kijana mmoja wa darsa letu alinisimulia usiku mmoja baada ya tarawehe, mpaka mlinzi akaja kutuuliza kama tunalala msikitini.

Tamthilia hiyo ilianza kuonyeshwa Marekani na HBO mwaka 2011, ikamalizika tarehe 19 Mei 2019. Misimu 8, vipande 73. Kipande cha mwisho kilirushwa kule saa tatu usiku. Kwetu ilikuwa saa kumi alfajiri ya Jumatatu, katikati ya Ramadhani ya mwaka 1440, watu wakila daku. Kijana wetu alikuwa macho, kikombe cha uji mkono mmoja na simu mkono wa pili. Swala ya alfajiri alisali nasi, lakini uso wake ulikuwa wa mtu aliyetoka kuzika.

Wenzake wakamcheka: "Analilia majoka ya kwenye simu!" Nikawaambia wamwache. Mtu hulilia kitu alichokipa umri wake. Huyu alianza kutazama akiwa mwanafunzi wa sekondari, ikaisha akiwa na mke. Nikamuuliza, "Mwanangu, ni nini hasa kilichokuuma?"

Akaniambia habari ya Daenerys, binti wa ukoo wa kifalme uliopinduliwa. Anaanza akiwa ameozwa bila ridhaa yake, anapata majoka watatu, anawakomboa watumwa mji baada ya mji. Watu walimpenda mno. Mwaka 2018 peke yake, Marekani iliandikisha watoto wa kike 560 kwa jina la Khaleesi, ambacho ni cheo chake. Kisha katika kipande cha kabla ya mwisho, mji anaoutaka unapiga kengele za kusalimu amri, naye, juu ya joka lake, anauchoma pamoja na wanawake na watoto. Mpendwa wa miaka minane akageuka dhalimu, na kipande kilichofuata akauawa na mtu aliyempenda.

Mashabiki walikasirika dunia nzima. Zaidi ya watu milioni moja walitia saini ombi mtandaoni kutaka msimu wa 8 utengenezwe upya. Malalamiko yao makubwa yalikuwa haraka. Misimu sita ya mwanzo ilikuwa na vipande 10 kila mmoja, wa saba ukawa na 7, wa mwisho 6. Vitabu vya George R. R. Martin vilikuwa bado havijakamilika, kwa hiyo watengenezaji walifika mbele ya kitabu na kumalizia wenyewe. Mashabiki wakasema: mmejenga kwa miaka, mkabomoa kwa wiki.

Ndugu yangu, tuitazame hasira hii, kwa sababu ina mafunzo.

LA KWANZA. Hakuna aliyewafundisha watu hawa kwamba mwisho una uzito kuliko mwanzo. Wameliona wenyewe. Misimu mizuri haikuuokoa mwisho mbaya machoni pao. Mtume wetu (S.A.W.) ametufundisha jambo hilo kuhusu amali zetu, katika hadithi ya Sahl bin Saad (r.a.) iliyomo kwa Bukhari. Kulikuwa na mtu aliyepigana vitani kwa ushujaa uliowastaajabisha Maswahaba, na Mtume (S.A.W.) akasema huyo ni wa motoni. Mmoja wao akamfuatilia. Akamuona amejeruhiwa, akashindwa kusubiri, akaharakisha mauti yake kwa upanga wake mwenyewe. Ndipo wakafundishwa kuwa amali huangaliwa kwa mwisho wake.

Sasa jiulize kuhusu Ramadhani yako. Usiku wa kwanza msikiti haupitiki, watu wanasali hadi barazani. Kumi la mwisho likifika, lenye usiku ulio bora kuliko miezi elfu, safu zimepungua na watu wako madukani. Tunawalaumu watengenezaji wa tamthilia kwa kuharakisha mwisho, na sisi tunafanya hivyo kila mwaka kwa ibada zetu.

LA PILI. Nilimuuliza kijana, "Huyu binti, kabla ya siku hiyo hajawahi kumchoma mtu?" Akanyamaza. Kisha akakumbuka. Katika mji mmoja aliwasulubu mabwana 163, kulipiza watoto 163 wa kitumwa waliosulubiwa. Baadaye akaja mtoto wa mmoja wao kumwambia kwamba baba yake alikuwa amepinga kusulubiwa kwa wale watoto. Nikamuuliza, "Siku hiyo ulihisi nini?" Akasema, "Sheikh, tulishangilia."

Hapo ndipo pana maradhi. Dhuluma tuliishangilia ilipowapata tusiowapenda, tukashtuka ilipowafikia wasio na hatia tunaowaona. Wapo wasemao waandishi walimharibu ghafla, wapo wasemao dalili zilikuwepo siku zote. Mimi si hakimu wa tamthilia. Lakini Qur'ani imekataza mtu kubebeshwa dhambi ya mwingine, na imekataza chuki yetu kwa watu isitutoe kwenye uadilifu. Je, mtaani kwako, mwizi wa kuku akipigwa na umati, huwa unauliza kama ni yeye kweli, au unatoa simu kurekodi? Kiongozi wa chama chako akimdhulumu mpinzani, unaita ni dhuluma au unaita ni siasa? Ukizoea kushangilia moto kwa sababu umewashwa na mtu wako, siku moja utaungua nao.

Na kuhusu wale watoto waliopewa jina kabla hadithi haijaisha: Abdullah bin Masud (r.a.) amepokewa akiusia kwamba anayetaka mtu wa kumfuata, afuate waliokwisha kufa katika wema, kwa kuwa aliye hai hajasalimika na fitna. Msanii, mchezaji, mwanasiasa, hata sheikh unayemsoma hapa, mpende kwa kiasi. Hadithi yake bado inaendelea.

LA TATU, nalo ndilo zito. Usiku ule, tukiwa tunakaribia kuagana, kijana aliniambia neno ambalo hakuwaambia wenzake. Misimu saba aliitazama pamoja na kaka yake mkubwa, godoro moja, simu moja. Msimu wa saba uliisha Agosti 2017. Kabla wa nane haujatoka, kaka akafariki. "Sheikh, ameondoka bila kujua mwisho."

Kumbe hakuwa analilia majoka. Kilichoisha alfajiri ile kilikuwa kitu cha mwisho walichokuwa wanakisubiri wawili.

Nikamwambia: mwanangu, kaka yako ameshauona mwisho uliokuwa wake. Ule mwingine haumpunguzii wala haumzidishii chochote. Kinachomfaa sasa ni dua yako, na sadaka yako kwa niaba yake. Zile saa ulizokuwa unakaa naye kwenye tamthilia, mpe robo saa ya dua kila siku.

Ombi la milioni ya watu halikuirudisha tamthilia. Haikutengenezwa upya. Nasi tumeelezwa katika Suratul Muuminun habari ya yule ambaye mauti yakimjia huomba arudishwe akatende mema aliyoyaacha, na harudishwi. Hata akitiliwa saini na dunia nzima.

Basi wewe binti uliyeniuliza: huzuni yako si ukafiri, na moyo unaohuzunika bado uko hai. Pima mambo mawili tu. Je, huzuni hiyo imekupotezea swala? Na je, kuna mtu nyuma yake unayemkosa kweli, ambaye hujamuombea dua siku nyingi? Ukiwa na deni la watu, lilipe wiki hii. Uliyegombana naye, mpigie leo. Hicho ndicho kipande ambacho bado kimo mikononi mwako.

Ewe Mola wetu, tujaalie mwisho mwema, wasamehe waliotutangulia, na usituchukue ila uwe radhi nasi. Aamiin.

Wabillahi tawfiq.