Koplo Anunua Skii

Askari hazoei kuchagua. Akipewa buti hulivaa, akipewa blanketi hujifunika. Koplo mmoja wa vikosi vya milimani vya Ufaransa, wale wavaao bereti pana mithili ya chapati, alikuwa amepokea skii zake kutoka stoo ya kikosi kwa muda wa miaka sita huko Varces, karibu na mji wa Grenoble. Vikosi hivyo viliundwa mwaka 1888 kulinda mpaka wa milima ya Alps, na kwao skii si mchezo. Ni miguu ya kupandia mlima na mzigo mgongoni. Alizipokea, akatia sahihi, yakaisha. Alipotaka kununua zake mwenyewe, za siku za mapumziko, ndipo alipojikuta amesimama dukani kama mtoto mbele ya mbao hamsini zilizopangwa ukutani.

Shida ilikuwa kwamba alitaka mambo mawili. Asubuhi alitaka kuteremka La Grave, ambako mlima haushindiliwi kwa mashine na theluji hubaki kama ilivyoanguka. Alasiri alitaka kwenda upande wa pili, Les Deux Alpes, katika uwanja wa kuruka wenye vilima vya kujengwa na reli za chuma za kutelezea. Skii ya theluji laini hupendeza ikiwa pana, milimita 105 au zaidi katikati, tena ncha yake iwe imeinuliwa ili ielee kama ngalawa. Skii ya uwanjani huwa nyembamba zaidi, aghalabu kati ya milimita 85 na 95, imekunjwa juu mbele na nyuma ili mtu aweze kutua kinyumenyume, na kingo zake za chuma ni nene kwa sababu reli huzitafuna. Hata mahali pa kusimama hutofautiana: uwanjani mtu husimama karibu na katikati ya ubao, na kwenye theluji laini husogea nyuma kidogo. Mwenye fedha hununua jozi mbili. Koplo alikuwa na bahasha moja yenye euro 950.

Bahasha ilikuwa mkononi mwa mkewe. Naye hakuwa mtu wa milima, bali ndiye aliyejua bei ya maziwa ya mtoto na kodi ya nyumba yao ya ghorofa ya tatu isiyo na lifti. Mumewe alipokuwa akizisifu rangi za skii, mama huyu alimwuliza fundi swali moja tu: mtu akianguka, kitu gani huokoa mguu?

Fundi, mzee mwenye miwani, aliacha kazi yake. Alichukua kishikio, yaani kile chombo kifungacho buti kwenye skii, akamwonyesha. Zamani buti lilifungwa kabisa. Mtu alipoanguka, skii ilijipinda na mguu ukapindwa pamoja nayo. Mwaka 1937 mtelezaji mmoja mzaliwa wa Norway, Hjalmar Hvam, alivunjika mguu huko Oregon, Marekani, na kutokana na ajali hiyo akabuni kishikio chenye kuachia. Cha leo hufunguka kando mbele mguu unapopindwa, na hufunguka juu nyuma mtu anapoanguka kifudifudi. Nguvu ya springi huwekwa kwa namba, nayo namba hutokana na uzito, kimo, umri, urefu wa soli ya buti na namna mtu atelezavyo. Ikiwa ndogo mno, skii humtoka mtu angali hewani. Ikiwa kubwa mno, haimtoki kamwe. Tangu miaka ya 1970 kuvunjika kwa mfupa wa muundi kumepungua sana kwa ajili ya vyombo hivyo. Kano za goti, kwa bahati mbaya, hazikupata kinga kama hiyo.

Basi fundi akauliza uzito. Koplo akajiongezea kilo tano, kwa kuwa vijana wa uwanjani hujigamba kwa namba kubwa kama wengine wajigambavyo kwa pikipiki. Mkewe akakohoa. Fundi akaleta mizani.

Kisha likazuka la buti. Koplo alikusudia kutumia buti lake la kupandia mlima, lenye soli ya mpira iliyopinda. Vishikio alivyovichagua kwa urahisi wa bei vilikuwa vya soli bapa na ngumu; buti lingeingia, lingefunga kwa mlio mzuri, na siku ya kuanguka huenda lisingeachia. Fundi akakataa katakata kuvifunga. Alikataa pia vile vyepesi vya pini ambavyo hushika buti kwa ncha mbili za chuma: ni hodari kwa kupanda, lakini havikuundwa kwa kutua kutoka angani siku baada ya siku.

Wakakata shauri hivi. Skii zikawa za msimu uliopita, milimita 98, ncha zote mbili zimekunjwa, za rangi ya kijivu asiyoipenda hata kidogo. Vishikio vikawa vipya, vya aina inayorekebishwa kupokea soli zote mbili, na breki yenye upana ulioafiki ubao. Namba ikawekwa chini ya 10, ikapimwa kwa mashine, ikaandikwa kwenye karatasi. Kilichosalia kilinunua redio ndogo ya kumtafutia mtu aliyefukiwa na maporomoko ya theluji, pamoja na koleo na fimbo ya kuchomea, maana aliyefukiwa ana matumaini makubwa katika dakika 10 hadi 15 za mwanzo tu, nao waokoaji kutoka bondeni hawafiki upesi hivyo.

Jumamosi ya pili koplo aliruka vibaya, akatua kwa bega. Skii ya kulia ilimtoka, ikasimama kwa breki yake hatua kumi juu yake. Aliifuata kwa miguu, akipangusa theluji shingoni, na jioni akaibeba begani ghorofa tatu hadi mlangoni.