Mwembe wa Mpakani

Ndugu msomaji, je, umewahi kupita mbele ya nyumba ya jirani yako bila kumsalimu? Mimi nimewahi. Nilifanya hivyo kwa miezi minane, nami ni Mkristo, tena ni afisa wa elimu ya watu wazima.

Kijiji chetu kiko karibu na Tabora, kando ya njia ya zamani ya misafara. Njia hiyo ilitoka Bagamoyo, ikapita Tabora, ikafika Ujiji. Wapagazi wa Kinyamwezi walibeba nguo na pembe za ndovu. Watumwa nao walipitishwa humo wamefungwa. Miembe ya kando ya njia inatukumbusha siku zile.

Mwembe mmoja uko mpakani mwa shamba langu na la jirani yangu. Yeye ni Mwislamu. Siku moja aliwafukuza wanangu waliokuwa wakichuma maembe. Nilimtukana mbele ya watu. Maneno yakaenea. Ugomvi wa maembe ukageuka ugomvi wa dini. Darasani Wakristo waliketi upande mmoja, Waislamu upande mwingine. Kisha baadhi wakaacha kuja.

Jioni moja niliwaambia wanakisomo waandike sentensi ubaoni. Bibi mmoja alishika chaki, akaandika polepole: "Mwalimu hamsalimu jirani yake." Darasa zima likanyamaza. Sikuona kosa la kusahihisha.

Usiku ule sikulala. Nilimkumbuka Adrian Atiman. Alizaliwa Mali, akatekwa angali mtoto, akauzwa utumwani. Mapadre walimkomboa huko Algeria. Alisomea uganga Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, akatibu watu huko mpaka alipofariki mwaka 1956. Mtu aliyeuzwa aliweza kuwahudumia wenzake maisha yake yote. Mimi nilishindwa kwa sababu ya maembe!

Tena Bwana Yesu alifundisha kwamba kabla ya kutoa sadaka twende kwanza tukapatane na ndugu. Hakusema tumngoje ndugu aje.

Asubuhi nilikwenda.

"Mwangaluka, baba," nilisema.

Alikaa kimya kidogo, kisha akaitikia.

"Baba, nilikukosea mbele ya watu. Nisamehe."

Alinisogezea kigoda. "Kaa, mwanangu. Hata mimi niliwafukuza watoto kwa ukali."

Tulikubaliana watoto wote wachume. Jioni niliungama kosa langu darasani, maana nilikosa hadharani. Wanakisomo wengi wamerudi. Wawili bado, ninaendelea kuwatembelea.

Ndugu msomaji, unyenyekevu, uvumilivu na msamaha si maneno ya kanisani tu. Ni kazi ya kila siku, kama palizi. Ukiacha, magugu hurudi. Je, wewe ni nani usiyemsalimu? Kesho tangulia wewe.

Maswali ya mazungumzo
1. Kwa nini ugomvi wa maembe uligeuka ugomvi wa dini?
2. Kwa nini mwalimu aliungama kosa lake mbele ya darasa?
3. Katika kijiji chako, ni nani wanaohitaji kupatanishwa? Utaanzaje?